Vihusishi Vilivyomezwa na Kitenzi

Alihama Kisarawe, akahamia Kibaha. Sentensi hiyo ina maneno manne tu, vitenzi viwili na majina ya miji miwili ya Mkoa wa Pwani. Ukiikagua neno kwa neno hutaona kihusishi wala kiunganishi, na hata hivyo msikilizaji hapotei: anajua mtu katoka wapi, kaenda wapi, na lipi lilitangulia.

Mpe sentensi hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aiandike kwa Kiingereza. Aliyekaririshwa orodha ya maneno na maana zake ataandika "He moved Kisarawe and moved Kibaha", na hapo safari nzima imeharibika, maana Mwingereza hajui tena ni wapi pa kutokea na ni wapi pa kufikia. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja na vihusishi viwili: "He moved from Kisarawe to Kibaha". Kiswahili kimetumia vitenzi viwili bila kihusishi. Kazi ya "from" imo ndani ya hama, kazi ya "to" imebebwa na kile kiambishi kinachogeuza hama kuwa hamia, na -ka- imefanya kazi ya "and then". Mwanafunzi huyo hakukosa kwa uvivu. Alitafuta maneno ya kutafsiri, na hayakuwapo ya kutafsiriwa.

Kwa hiyo somo la vihusishi lingeanza na jozi za vitenzi. Hama na hamia, kimbia na kimbilia. Mtoto alimkimbia mbwa, akamkimbilia mama yake: kwa Kiingereza mbio hizo zinadai "away from" kwa mbwa na "to" kwa mama. Mwalimu akiuliza darasa ni sauti gani iliyobadili mwelekeo wa mbio, wanafunzi watajibu wenyewe kwa sababu lugha ni yao. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kuwaonyesha kwamba Kiingereza huitoa sauti hiyo nje ya kitenzi na kuifanya neno linalojitegemea.

Ugumu hauishii hapo, kwa kuwa Kiingereza chenyewe hakina msimamo. Ningoje hakina kiambishi chochote cha kutendea, lakini Kiingereza kinadai "wait for me". Nisikilize kinadai "listen to me", nieleze kinadai "explain to me". Kumbe niambie ni "tell me", bila kitu katikati. Hapa hakuna kanuni itakayomwokoa mtu. Ni kukariri kitenzi pamoja na mkia wake, na kamusi nzuri huuonyesha mkia huo.

Mahali nako kuna mtego wake. Niko shuleni, nakwenda shuleni, natoka shuleni: -ni ni ileile mara tatu, na mwelekeo unasemwa na kitenzi. Kiingereza kinataka "at", "to" na "from". Kwa majina ya miji hata hiyo -ni haipo; naishi Kibaha, nakwenda Kibaha, natoka Kibaha. Ndiyo maana "I live Kibaha" na "I am going Kisarawe" ni makosa yanayotabirika kabla ya daftari kufunguliwa. Na mwanafunzi akishazoea kuweka "to" kila anapokwenda, Kiingereza kinamgeuka: ataandika "I am going to home", wakati neno "home" ni miongoni mwa machache yanayokataa kuwekewa hiyo "to". Yule aliyeandika kosa hili amepiga hatua mbele, hata kama kalamu nyekundu haioni tofauti.

Tuna msaada mmoja ambao sijui kwa nini hautumiki zaidi. Kitabu kipo mezani, kitabu kimo mezani. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba cha kwanza kiko juu na cha pili kimeingia kwenye mtoto wa meza. Hiyo mo ndiyo "in", karibu bila shaka yoyote. Po itagawanywa kati ya "on" na "at". Ko haina mwenzake, na ni heri kusema hivyo wazi kuliko kubuni.

Kwa na na ndiyo maneno yanayoharibu zaidi, kwa sababu yanaonekana kama yana tafsiri moja. Tunakata mkate kwa kisu, tunasafiri kwa basi, tunatembea kwa miguu, mtu anakufa kwa malaria. Kiingereza hutaka "with", kisha "by", kisha "on" bila wingi wa miguu, kisha "of". Na nayo huunganisha majina mawili, huonyesha mwenzi wa safari, na humtaja mtenda katika kitenzi cha kutendwa. Ndiyo asili ya ile "she is married by him" au "married with him", tafsiri aminifu ya ameolewa na, ilhali Kiingereza kinasema "to".

Orodha za maneno yenye maana mojamoja zina historia, na sehemu yake inapita Kisarawe. Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichopangwa kwa aina za maneno za Kiingereza, vihusishi, viunganishi na vihisishi vikiwamo. Chuo cha misheni hiyohiyo kilihamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Mpango wenyewe ni wa kale zaidi: Wagiriki walihesabu aina nane za maneno, na Warumi, kwa kuwa Kilatini hakina neno kama "the", waliitoa aina hiyo na kuingiza kihisishi ili hesabu ibaki nane. Vitabu vyetu vya sarufi bado vinataja nane.

Sekondari ya Kibaha ilianza mwaka 1965 ndani ya mradi wa nchi za Nordic. Miaka miwili baadaye, 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Tangu hapo aliyeingia kidato cha kwanza Minaki au Kibaha alikuja na miaka saba ya kusoma kwa lugha inayoficha vihusishi, akaketi mbele ya vitabu vya fizikia vilivyojaa "through", "against" na "unless". Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari Tanzania kilikuwa duni mno kubeba masomo mengine.

Viunganishi vina nafuu. Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja: wengi tunasema hivyo, na ndiyo mama wa "Although he was sick, but he came". Mwanafunzi aambiwe tu kwamba Kiingereza huruhusu kimoja kati ya viwili. Kwingine lugha hizi mbili zinalingana kuliko watu wanavyodhani. Kwa sababu mvua ilinyesha ni "because", kwa sababu ya mvua ni "because of", na hiyo ya ndiyo "of" yenyewe. Ingawa hufuatwa na kitenzi chenye kiambishi cha wakati, licha ya hufuatwa na jina. Vivyo hivyo "although" na "despite". Maswali ya kuandika upya sentensi katika mtihani wa kidato cha nne hupenda sana mabadiliko haya, na anayetambua licha ya amekwisha kuijua nusu ya jibu. Akumbuke tu kwamba ile ya haivuki mpaka: ni "in spite of", lakini "despite" haitaki "of".

Shule inayobandika kibao cha kupiga marufuku Kiswahili ndani ya uzio wake inajinyima ulinganisho huu wote.

Vihisishi nivipitie upesi, kwa kuwa mtihani hauvijali sana. "Sorry" ya Mwingereza mara nyingi ni ya aliyekosa. Yetu ni pole, tunampa hata aliyejikwaa bila sisi kumgusa, na mgeni kutoka London anaweza kujibu kwamba halikuwa kosa lako. Huku nyuma, "I say" ya wakoloni imegeuka aisee, na sasa yatumiwa kila kituo cha daladala na watu wasiojua kwamba waliwahi kuikopa.