Dakika Zinazoliwa na Kibo

Mtu aliyezoea minara ya simu, akisikia kuna chombo cha anga kinapita na kinarusha sauti, wazo lake la kwanza ni kupanda. Kwa mkazi wa Moshi kupanda ni kuelekea mlimani: Kibosho, Uru, Marangu, na mwenye pumzi aende hadi kileleni. Kwa mnara wa redio wazo hilo ni sahihi. Kwa setilaiti, mara nyingi ni kinyume chake, na anayebisha anaweza kukaa na kikokotoo cha shule tukapiga hesabu pamoja.

Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kina mita 5,895. Moshi mjini ni mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko kaskazini, umbali wa kilomita 31 kwa mstari ulionyooka. Gawa tofauti ya kimo kwa umbali, punguza kidogo kwa sababu dunia ni mviringo, utapata pembe ya nyuzi 9. Mawenzi, kulia kwake, inatoa nyuzi 8 hivi, na uwanda ulio kati ya vilele hivyo viwili unakaribia nyuzi 7. Kwa hiyo anga ya kaskazini, kwa aliyesimama mjini, inaanzia nyuzi 7 hadi 9 juu ya upeo wa macho. Panda Kibosho na hali inakuwa mbaya zaidi: umeongeza mita mia kadhaa za kimo, lakini umeusogelea ukuta, na pembe imefika nyuzi 12 hivi, achilia mbali migomba na miti ya kihamba (shamba la nyumbani), ambayo majani yake yakilowa yanameza mawimbi mafupi ya redio. Ukishuka kwenye mashamba ya miwa ya TPC, Kibo kinapungua hadi nyuzi 6. Ukifika bwawa la Nyumba ya Mungu, hakizidi sana nyuzi 3.

Nyuzi 9 zinaonekana chache. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na ngumi hiyo inaziba karibu nyuzi 10 za anga. Lakini nyuzi za chini ndizo zenye kilomita nyingi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huruka kwenye kimo cha kilomita 415 hivi. Kinapochomoza kwenye upeo ulio wazi, kinapita juu ya mahali palipo kilomita 2,240 kutoka kwako. Kinapofika nyuzi 9, umbali huo umeshuka hadi kilomita 1,450. Karibu kilomita 800 za safari zimefichwa na ngumi moja, na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hizo ni karibu dakika mbili. Mpito mzuri kabisa, ule unaopita utosini, hauzidi dakika kumi na ushee.

Hapa ndipo wengi wanaishia: mlima unaharibu, basi tuhame. Lakini tuangalie kwanza chombo chenyewe kinatokea wapi. Obiti yake imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, hivyo huku kwetu hakiji kutoka kaskazini kamili. Kinakuja kwa mshazari, ama kutoka kaskazini magharibi kuelekea kusini mashariki, ama kutoka kusini magharibi kuelekea kaskazini mashariki. Mpito wa utosini unaoshuka kusini huchomoza kwenye dira ya nyuzi 325 hivi, kushoto kwa bega la Shira. Ule unaopanda kaskazini huzama kwenye nyuzi 35 hivi, kulia kwa Mawenzi. Yaani mipito bora inapita pembeni mwa mlima, mmoja kila upande, kana kwamba mtu alipanga.

Mlima unakula mipito dhaifu. Ili chombo kichomoze kaskazini kamili, nyuma ya Kibo, lazima kiwe kinapita mbali mashariki, na mpito wa namna hiyo haufiki hata nyuzi 12 unapokuwa juu kabisa. Kwenye upeo ulio wazi ungedumu dakika nane na kidogo. Moshi mjini unapoteza dakika mbili na nusu hivi za mwanzo, hadi chombo kiibuke kulia kwa Mawenzi. Kwa kuwa latitudo yetu inapata mipito minne au mitano tu ya kituo hicho kwa siku, na kadhaa kati yake ni ya chini, hasara hiyo si ya kupuuzwa. Ila si sababu ya kuhama mji. Chagua mipito inayozidi nyuzi 35, simama mahali ambapo magharibi na kusini hakuna majengo, na Kibo hakitakusumbua.

Na kileleni je? Kutoka ncha ya Uhuru upeo wa macho uko umbali wa kilomita 274, na hiyo inakuongezea sekunde 38 hivi mwanzoni mwa mpito na 38 mwishoni. Siku kadhaa za kupanda, baridi, kichwa kuuma, kwa dakika moja na robo. Anayetaka kuzungumza na Nairobi kwa simu ya upepo, hilo ni jambo lingine. Huko kilele kinalipa.

Kwa nini tugombanie dakika? Kwa sababu mara kwa mara, hasa katika kumbukumbu za matukio ya anga, kituo hicho hurusha picha kwa sauti kwenye megahezi 145.800. Mfumo unaotumika zaidi huitwa PD120, na picha moja huchukua dakika mbili na sekunde chache, kisha hufuata kimya cha dakika mbili hivi. Mpito wa dakika kumi unaweza kukupa picha mbili kamili, ukibahatika na sehemu ya tatu. Mpito uliokatwa hadi dakika sita unakupa moja, na vipande. Vifaa havitishi: redio ya mkononi inayosikia FM kwenye masafa hayo, antena ya vijiti vitatu iliyotengenezwa kwa vipande vya futi ya chuma ya fundi seremala na bomba la plastiki, na simu yenye programu ya Robot36 iliyowekwa karibu na spika. Kusikiliza ni huko. Kurusha ni habari nyingine: unahitaji leseni ya TCRA na utambulisho unaoanza na 5H.

Hesabu hii ya dakika si ngeni katika pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani. Mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipokewa Kano, Nigeria, akapokewa Zanzibar, kisha akakabidhiwa kwa meli iliyokuwa kazini Bahari ya Hindi. Kituo cha Zanzibar hakikuwa na rada. Kilikuwa na masikio: kilipokea sauti na vipimo vya chombo na vya mwili wa rubani, na kompyuta za kituo cha NASA cha Goddard huko Maryland zilikipelekea mapema saa na mwelekeo wa chombo kuchomoza. Glenn aliruka chini zaidi ya kituo cha leo, kati ya kilomita 160 na 265, kwa hiyo hata mpito bora ulikuwa wa dakika nane hivi. Ndani ya dakika hizo daktari wa zamu alisoma mapigo ya moyo na msemaji alipata neno lake. Siasa za visiwani hazikukipenda. Walikuwapo walioona ni mlango wa mambo ya kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa mwaka huohuo.

Kazi ya Tunguu, ukiondoa daktari, sasa inaingia kwenye begi la mwanafunzi. Programu kama Gpredict inafanya sehemu ya Goddard, mradi uiongezee data mpya za obiti kila wiki. Data za mwezi uliopita zinaweza kukuambia chombo kimechomoza wakati kimeshapita. Sehemu ya masikio inabaki na wewe.

Masikio hayo yanaweza mengi kuliko watu wanavyodhani. Chombo kikija kwako, masafa yake yanasikika juu kidogo. Kikiondoka, chini kidogo. Hiyo ni athari ya Doppler. Kwenye megahezi 145.800 mabadiliko ni kilohezi 3.5 kila upande, na redio ya FM inayavumilia. Kwenye megahezi 437.800, ambako kituo hicho hurudisha mazungumzo ya wapenzi wa redio, yanafika kilohezi 10, na usipofuatilia kwa kubadili masafa hatua kwa hatua sauti inapotea. Wanaoanza huona hilo kama kero. William Guier na George Weiffenbach wa maabara ya fizikia ya Johns Hopkins waliona dawa: mwaka 1957 waliisikiliza setilaiti ya Sputnik, wakachora mkunjo wa masafa, na kutokana na mkunjo huo peke yake wakaipata obiti. Wazo lao lilizaa Transit, mfumo wa kwanza wa setilaiti wa kuongoza meli.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa shule. Geoffrey Perry, mwalimu wa fizikia wa Kettering Grammar School, Uingereza, alikuwa akisikiliza vyombo vya Wasovieti pamoja na wanafunzi wake kwa redio ya kawaida ya masafa mafupi na saa. Machi 1966 iliporushwa Kosmos 112, nyakati walizoandika hazikuafikiana na chombo kilichotoka uwanja wa kurushia wa Baikonur. Walirudisha njia ya obiti nyuma hadi ardhini, wakalinganisha na vyombo vilivyofuata, na kabla mwaka haujaisha wakatangaza kuwa kuna uwanja mwingine wa kurushia, kaskazini mwa Urusi, sehemu za Plesetsk. Moscow haikukiri hadharani hadi 1983. Hawakuwa na dishi kubwa. Walikuwa na daftari lenye nyakati sahihi kwa sekunde, na klabu yoyote ya Moshi inaweza kuwa nalo.

Kwa anayetaka pia kuona kwa macho, ikweta ni bahili. Jua letu linazama wima. Moshi likizama saa 12 na nusu jioni, chombo kilicho utosini kinaendelea kumulikwa kwa dakika 80 tu, yaani hadi karibu saa 2 kasoro dakika 10. Baada ya hapo kinaingia kivulini hata kama kiko juu yako. Na wingu la mlima jioni mnalijua. Alfajiri ni bora. Redio haijali wingu.

Majirani nao wamepita juu yetu. Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka chumba cha Wajapani kwenye kituo cha anga, chumba kiitwacho Kibo (majina yamegongana tu). Ilituma ishara zake kwenye masafa ya redio ya ridhaa hadi ilipoungua mwaka 2020. PearlAfricaSat-1 ya Uganda iliachiwa Desemba 2022. Zote mbili zilirithi obiti ya kituo, hivyo hesabu ya Kibo na Mawenzi ilizihusu vilevile. Obiti inayotufaa hasa ni nyingine: ya Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Ilizunguka karibu na ikweta, ikapita juu ya upeo wa Moshi kila mzunguko, mara 14 hivi kwa siku. Ingekuwa ya wapenzi wa redio, tusingelalamikia dakika.

Anayechukia kusubiri ana njia moja. Tangu mwishoni mwa 2018 iko setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyobeba mtambo wa redio ya ridhaa uitwao QO-100, na imesimama juu ya ikweta kwenye longitudo 25.9 mashariki. Kutoka Moshi iko kwenye mwinuko wa nyuzi 76, upande wa magharibi kidogo kaskazini; mlima haufiki huko. Fundi dishi yeyote anajua pa kuitafuta ukimwambia iko kati ya mwelekeo wa Azam na ule wa DStv. Kichwa cha kawaida cha dishi kinashusha megahezi 10,489.75 hadi 739.75, ambazo kifaa kidogo cha USB kinazisoma kwenye kompyuta. Utasikia mazungumzo mchana na usiku, na ni raha, lakini sidhani klabu ianzie hapo. Kitu kilichosimama hakikulazimishi kuhesabu.

Ningeanza na mlima wenyewe. Kwa kila mpito wa upande wa kaskazini, andika sekunde ambayo sauti imejitokeza au imekatika, kisha usome kwenye programu dira na mwinuko wa chombo kwa sekunde hiyo. Weka nukta kwenye karatasi ya mraba. Nukta zikiwa nyingi, Shira, Kibo na Mawenzi vitachoreka bila mtu kuviangalia, hata msimu wa masika. Mchoro hautakuwa sawa kabisa, kwa sababu mawimbi hujipinda kwenye ukingo. Nyuzi 1 chini ya mstari wa kilele, ishara ya megahezi 145 imeshuka desibeli 22 hivi, ya megahezi 437 karibu 27. Mwenye antena nzuri ataisikia kabla chombo hakijachomoza kweli, na mlima wake utatoka mfupi kuliko ulivyo. Rudia kwa masafa ya juu zaidi, na mlima utarefuka.