Hesabu Kwanza, Jina Baadaye

Mwanafunzi wa uuguzi akikabidhiwa karatasi ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), jicho lake hukimbilia jina la tatizo. Anataka kulitaja kabla mwenzake hajalitaja. Muuguzi aliyebobea hana pupa hiyo. Humtazama mgonjwa, huhesabu, hupima, na jina hulitaja mwisho. Subira hiyo ndiyo ninayoisifu hapa, maana nimeona inavyookoa watu.

Karatasi yenyewe inapima muda. Hutoka mashineni kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Miraba mikubwa 30 ni sekunde sita: hesabu QRS zilizomo, ile michomo mirefu ya mstari, zidisha kwa 10, umepata mapigo ya dakika nzima. Kisha linakuja suala la mpangilio, na hapa ndipo ufundi unaponoga. Chukua kipande cha karatasi tupu, kiweke chini ya mstari, utie alama za kalamu penye vilele viwili vya R vinavyofuatana. Kisogeze hadi vilele viwili vinavyofuata. Alama zikiangukia palepale, moyo unakwenda sawa. Zisipoangukia, sogeza tena, usichoke.

Kuna moyo ambao alama hizo hazitakubali popote. Ukitafuta wimbi la P mbele ya QRS hulipati. Unakuta mstari unaotetemeka tu. Hiyo ni fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vinatikisika bila kusukuma damu ipasavyo, damu hutuama humo na huweza kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo mgonjwa hupata kiharusi. Kwetu Afrika Mashariki huipati kwa wazee peke yao. Hata vijana huwa nayo, wale ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyofuata maambukizi ya koo utotoni. Muuguzi aliyesogeza kile kipande cha karatasi kwa makini anaweza kuwa wa kwanza kuigundua.

Herufi P, Q, R, S na T tumeachiwa na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Wagonjwa wake walitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi ili umeme wa moyo uifikie mashine. Lakini anayenistaajabisha zaidi ni Mholanzi mwenzake, Karel Wenckebach. Mwaka 1899, kabla ya mashine hiyo, alieleza moyo unaochelewa kidogo kidogo, pigo baada ya pigo, hata pigo moja likakosekana, kisha ukaanza upya. Aliyajua hayo kwa kuchunguza mapigo ya mishipa. Leo tunauona mwendo huohuo pale muda wa PR (toka P hadi QRS), ambao kwa kawaida ni sekunde 0.12 hadi 0.20, unaporefuka hatua kwa hatua mpaka P moja ikabaki bila QRS.

Mstari hudanganya pia. Mgonjwa anayepiga mswaki, au elektrodi iliyolegea kwa jasho, huweza kuchora kwenye monita vurugu inayofanana na moyo unaokata roho. Muuguzi husogea kitandani na kuuliza, "Baba, unajisikiaje?" Baba akijibu, kinachorekebishwa ni elektrodi. Kinyume chake ndicho cha kutisha: mstari unaonyesha mpangilio mzuri, na shingoni hakuna mapigo. Umeme upo, damu haisukumwi. Hapo hakuna kusubiri, kifua kianze kukandamizwa.

Usiku wa manane daktari wa zamu huenda yuko jengo jingine, na aliyepo wodini ni muuguzi. Akipiga simu na kusema moyo wa mgonjwa hauko sawa, atajibiwa aendelee kumwangalia. Akisema, "Mapigo ni 38, P zinakwenda kivyake na QRS kivyake, presha ni 80 kwa 50, na ameanza kuchanganyikiwa," daktari atakuja mbio. Hajalitaja jina la ugonjwa popote, na kila kinachohitajika kimeshasemwa. Sentensi ya namna hiyo huzaliwa na mazoezi ya kuhesabu, wala haiji kwa kukariri picha.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa vyuo vya uuguzi wasiridhike na michoro ya vitabuni, iliyo safi na yenye jibu chini yake. Wapeni wanafunzi karatasi zilizotoka wodini, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa, zenye mistari iliyoyumba na mikwaruzo. Na atakayewahi kutaja jina kabla ya kuhesabu, mrudishieni karatasi aanze upya.