Konokono wa Mikoko na Kazi ya Kutenga Majina

Mwaka 1970 Joseph Rosewater, mtaalamu wa konokono wa Smithsonian huko Washington, alichapisha mapitio ya familia ya Littorinidae katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Konokono wengi wanaoishi juu ya mikoko aliwakusanya chini ya spishi moja, Littorina scabra, akaieleza kuwa ni spishi yenye sura nyingi. Baada ya miaka 16, David Reid alichapisha London kitabu cha kurasa zaidi ya 200 kuhusu konokono haohao. Spishi ile moja ilikuwa imegawanyika, jenasi yake imekuwa Littoraria, na katika mikoko ya eneo lile zima Reid alitambua takriban spishi 20. Ninavyoona mimi, kitabu hicho ni miongoni mwa kazi bora za taksonomia ya bahari tulizo nazo, na namna kilivyofanywa inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuanze kwa kumtendea haki Rosewater. Maji yakipwa, ingia kwenye mikoko ya Gazi nchini Kenya au ya delta ya Rufiji nchini Tanzania utazame matawi. Utakuta kombe la njano, la pili lina wekundu wa chungwa, la tatu ni kahawia lenye madoa. Huku juu kwenye majani makombe ni membamba, na kule chini kwenye mashina na mizizi kuna mazito. Aliyeletewa makombe makavu kwenye visanduku vya makumbusho, na hajui lipi lilitoka jani gani au shina gani, angeyapanga kwa safu kutoka jembamba hadi zito, kutoka la njano hadi la kahawia, na asione mahali pa kukata. Kuyaita yote spishi moja lilikuwa hitimisho la busara kwa ushahidi uliokuwepo.

Reid alikuwa na ushahidi wa aina nyingine. Alianzia Queensland, Australia, kama mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha James Cook, mahali ambapo konokono hawa wako hai na mikoko iko karibu. Aliwatoa ndani ya makombe, akaupasua mwili. Hapo picha ikageuka. Uume wa dume una umbo lake kwa kila kundi: shina lake, ncha yake, mahali tezi ilipokaa. Chembe zinazobeba mbegu za kiume nazo hutofautiana kwa sura chini ya hadubini. Kwa jike, njia ya mayai imejikunja kwa namna tofauti, na baadhi ya makundi hayaachii mayai baharini bali huyaatamia ndani ya mwili mpaka yawe viluwiluwi vinavyoogelea.

Kwa nini viungo hivi vipewe uzito kuliko rangi? Rangi na unene wa kombe vinaweza kutofautiana kati ya ndugu wa spishi moja, na mazingira nayo huchangia. Viungo vya uzazi viko karibu zaidi na swali lenyewe la spishi, yaani nani anazaliana na nani. Reid aliongeza kipimo cha ujirani, ambacho kwangu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kama makundi mawili yanaishi kwenye mti mmoja, yanakutana kila siku, na bado hupati hata dume mmoja mwenye umbo la katikati, basi hayazaliani. Mti wenyewe umekufanyia jaribio. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamtegemea mno dume aliyekomaa. Majike na wadogo huingizwa kwenye kundi kwa alama nyingine.

Kisha ikaja kazi ambayo wasomaji wengi huiruka, nayo ndiyo ngumu. Kanuni za majina ya wanyama huanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, na jina la zamani kuliko yote, likiwa halali, ndilo linaloshinda. Kila jina limefungwa kwenye sampuli yake ya kielelezo. Lakini vielelezo vya konokono hawa ni makombe matupu! Linnaeus aliandika Helix scabra bila kupasua mwili wowote. Rodolfo Philippi, Mjerumani aliyekuja kuhamia Chile, alichapisha mwaka 1846 spishi mpya 18 za Littorina kutoka mkusanyiko wa Hugh Cuming, naye alikuwa akitazama makombe tu. Sasa spishi zinatenganishwa kwa nyama, na majina yamekaa kwenye vitu visivyo na nyama. Utajuaje jina gani ni la nani?

Reid alirudi kwenye kombe, safari hii akijua anachotafuta. Akiwa ameshatenga makundi kwa viungo vya ndani, alitafuta alama za kombe zinazoambatana nayo kwa uaminifu. Alizipata katika idadi ya mifuo inayozunguka kombe, hasa kwenye mizunguko ya mwanzo, katika mikwaruzo midogo isiyoonekana bila kukuza, na katika umbo na rangi ya nguzo ya mdomo wa kombe. Kwa alama hizo aliweza kuchukua kielelezo chenye umri wa zaidi ya karne na kukirudisha kwa jamaa zake walio hai. Majina mawili ya Philippi ya mwaka 1846, pallescens na intermedia, yakapata wenyewe. Kundi jingine, linalopatikana kwenye mikoko ya pwani yetu, halikuwa na jina la zamani lililolifaa, akaliita subvittata. Historia hii inasomeka kwenye mabano: Littoraria scabra (Linnaeus, 1758) ina mabano kwa sababu ilihamishwa kutoka jenasi nyingine, na Littoraria subvittata Reid, 1986 haina.

Jina la jenasi nalo lilikuwa na mvutano wake. Littorina, ya Férussac ya mwaka 1822, ilibaki na jamaa wa bahari za baridi za kaskazini. Kwa wa mikoko, Littorinopsis ya Mörch ya mwaka 1876 ilikuwa tayari ikitumika kama jenasi ndogo, ila Littoraria imeitangulia kwa miongo minne. Littoraria imefungwa kwenye spishi ya pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati, ambayo leo huitwa L. zebra. Kwa kuwa spishi hiyo na wa kwetu wanaingia kundi moja, jina lake likawafunika wote. Kwa muda mrefu liliandikwa kuwa la Griffith na Pidgeon, 1834. Tarehe za uchapishaji zilipokaguliwa upya, likahamishiwa kwa Gray, 1833.

Mwaka 2010 Reid, Patricia Dyal na Suzanne Williams walichapisha mti wa ukoo wa jenasi hii kwa kutumia DNA, wakihusisha karibu spishi zote zinazojulikana. Mgawanyo uliofanywa kwa kisu na hadubini ulisimama kwa sehemu kubwa.

Kwa wanaosoma ikolojia ya pwani yetu, tokeo lake ni la moja kwa moja. Ripoti ya kabla ya 1986 inayotaja Littorina scabra kwenye mikoko ya Kenya, Tanzania au Msumbiji inaweza kuwa inazungumzia scabra, intermedia, pallescens au subvittata, au mchanganyiko wake. Mahali ambapo makombe yalihifadhiwa, mifuo inaweza kuhesabiwa upya. Mahali ambapo zilibaki namba tu, hakuna tena njia ya kujua ni za spishi ipi.