Maulidi ya Lamu si ya kukatiwa tiketi



Kila tukizungumza Maulidi ya Lamu hoja ni ile ile: eti tungekuwa na akili tungefanya kama Wajerumani wa Oberammergau, kijiji cha milima ya Alps kinachoigiza Mateso ya Yesu, watu wakaja kutoka dunia nzima na kulipa. Mie nimefika kote kuwili, na hoja hiyo siikubali.

Kwanza tuwape Wajerumani haki yao. Mwaka 1633 tauni iliwaua, wakaweka nadhiri. 1634 wakaigiza, na tangu hapo ni takriban kila miaka 10. Zamu ya 2020 iliahirishwa kwa sababu ya korona, nikaiona 2022. Ni mchezo wa kama saa tano, na jukwaani hapandi mtu ila awe mzaliwa wa pale au amekaa miaka 20. Lakini lililonivutia zaidi ni ujasiri wao wa kulisahihisha andiko lao wenyewe. Lilikuwa likiwapaka Mayahudi ubaya, na Hitler alikwenda kulitazama 1934. Mwongozaji Christian Stückl, tangu 1990, amekuwa akiitoa sumu hiyo kidogo kidogo, na 2022 kijana Mwislamu, Cengiz Görür, alikuwa mmoja wa walioigiza Yuda.

Sasa Lamu. Habib Swaleh alikuwa mtu wa kuja, kutoka Ngazija. Alikaa Langoni akiwasomesha waliokuwa watumwa na wageni, watu ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu. Akawasomea Maulidi ya Habshi, yaliyotoka Hadhramaut, kwa matari, na wako waliopinga ngoma kuingia msikitini. Msikiti wa Riyadha ulisimama mwanzoni mwa karne ya 20. Abdul Hamid el-Zein, katika The Sacred Meadows (1974), alionyesha jinsi ugomvi huo wa nani muungwana na nani si muungwana ulivyoingia mpaka ndani ya dini. Siku hizi twasimulia zefe, mashindano ya punda na majahazi, ugomvi tumeufunika. Hapo ndipo pa kujifunza kwa Oberammergau: kuikagua historia yetu bila haya. Tiketi waachieni wenyewe.

Maana Maulidi hayana mtazamaji. Hakuna anayemwigiza Mtume, wala haijuzu, kisa husomwa. Msomaji akifika pa kuzaliwa kwake, wote husimama, tajiri na hamali, ubani na marashi vikipita. Wakati huo wa kiyamu hakuna jukwaa, kila aliyepo yumo ndani ya kisa. Ukiweka viti vya kulipia, umemgawa mtu wa Langoni upya: huyu mtumbuizaji, yule mgeni rasmi. Yaani umerudisha kile kile alichokivunja Habib.

Wengine mtasema mji una njaa, fedha za watalii zitatoka wapi. Ni kweli, na wawe na malazi, vyombo na vyakula vya kuuza. Kisomo chenyewe kisiuzwe.

Hapa Muhaisnah nimepita miaka 20, na viza nahuisha kama aliyeshuka jana. Kwa kipimo cha Oberammergau ningekwisha kupanda jukwaani. Lakini tukisoma Maulidi chumbani, Mbajuni, Mngazija na Mpemba, hakuna anayeuliza mtu ana miaka mingapi. Ikifika kiyamu, twasimama sote. Hilo Habib aliligombania, nasi tusiliuze.

Naomba kutoa hoja.