Kosa Lililozaliwa na Ramani: Sheria ya Mipango na Ujenzi ya 1965 nchini Israeli

Sheria ya Mipango na Ujenzi ya mwaka 1965 nchini Israeli husomwa mara nyingi kama chombo cha kitaalamu kisicho na upande. Usomaji huo haukidhi. Ramani zilizochorwa chini yake ziliviacha nje vijiji vingi vya Wabedui wa Negev, na pasipo mpango ulioidhinishwa kibali cha kujenga hakitolewi. Nyumba zilizoitangulia sheria zikageuka kosa bila mwenyewe kuongeza hata tofali moja. Wakazi wa Umm al-Hiran walipelekwa hapo mwaka 1956 na utawala wa kijeshi wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliidhinisha waondolewe kupisha mji uliokusudiwa Wayahudi. Marekebisho ya 2017, yaitwayo Sheria ya Kaminitz, yaliongeza faini na kupunguza nafasi ya mahakama. Adhabu ilikua, ramani haikuguswa.

Istilahi “ujenzi holela”, ambayo wapangaji miji wa Afrika Mashariki nao huitumia bila kuihoji, humtwisha mjenzi lawama yote na kumsahau mchora ramani.