Manowari ya Bomba Tatu Imetua Kilwa Masoko!

Imefika! Seti ya modeli ya SMS Königsberg, ile manowari ya Kijerumani ambayo watu wa pwani waliipa jina la manowari ya bomba tatu, iko mezani kwangu hapa Kilwa Masoko, na tangu nikate tepu ya boksi sijafanya kazi nyingine ya maana. Bado sijagundisha hata kipande kimoja. Haya ni ya mtazamo wa kwanza tu, vitu vikiwa ndani ya vifuko vyake, lakini natangulia kusema: kama wewe ni mtu wa mwambao huu na utajenga manowari moja tu maishani mwako, jenga hii.

Tuanze na ukubwa. Kipimo ni 1:350, yaani kila sentimita moja ya modeli ni mita tatu na nusu za meli yenyewe. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Hapa imekuwa sentimita 33 kwa upana usiofika sentimita 4. Ukiishika mkononi ndipo unapoelewa: ni nyembamba kama chuchunge! Meli hii ilichorwa ikimbie. Ilishushwa majini Kiel Desemba 1905, ikaanza kazi Aprili 1907, na ilipobanwa iliweza kupita kilomita 44 kwa saa.

Bodi ni ya resini, imechapishwa kwa printa ya 3D, kipande kimoja kutoka omo hadi tezi. Mtume! Madirisha ya mviringo yamejipanga ubavuni mstari mmoja bila kuyumba. Omo imechomoza mbele chini ya maji, mtindo wa enzi ambazo wanamaji bado waliwaza kupiga adui kumbo. Ukipitisha kidole kwenye sitaha unaisikia mistari ya mbao. Mabomba matatu ya moshi ni matupu ndani kweli kweli, ukichungulia unaona giza. Aliyechora faili hili anaipenda meli hii.

Halafu mizinga. Ngoja nivute pumzi. Iko kumi, ya milimita 105: miwili omo bega kwa bega, mitatu kila ubavu, miwili tezi, kila mmoja na ngao yake. Mtutu wa mita 4.2 umekuwa milimita 12. Nimeuweka mmoja chini ya lenzi nikitazama mdomo wake. Una tundu! Ukigawa milimita 105 kwa 350 unapata milimita 0.3, na mchoraji hakuruka hata hilo. Mirija ya torpido usiitafute, kwani kwenye meli yenyewe ilikuwa chini ya mstari wa maji.

Kuna pia bati la shaba lililochongwa kwa tindikali, jembamba kuliko kadi ya simu: ngazi, reli za pembeni ya sitaha, fremu za kurunzi, vishikio vya mashua. Usilikate kwa mkasi, litajikunja. Liweke juu ya kioo, ukate kwa wembe mpya. Wageni wa supaglu nao wajue kwamba gundi hiyo huganda kwa unyevu, na hewa ya Kilwa haijawahi kukosa unyevu. Weka tone dogo, kibano kiwe tayari mkononi, na usisite.

Kasoro? Zipo. Viegemeo vya uchapishaji vimeacha vipele chini ya mkuku, kwa hiyo msasa utahusika. Milingoti ya resini ni ya kutupa: jua letu la mchana likiipata kidogo itapinda. Badala yake tumia waya mgumu wa gitaa. Kwa kamba za mlingotini, mshipi wa kuvulia ni mnene mno. Chomoa uzi mmoja wa soksi ndefu ya nailoni.

Lakini kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya maelekezo. Inaonyesha sura moja tu, meli safi ya gwaride. Hiyo wacha wajenge wengine. Sisi tunaitaka Königsberg ya Rufiji, ile iliyojificha mikokoni!

Na seti inaruhusu. Milingoti imegawanywa vipande viwili, cha juu na cha chini, kwa hiyo sehemu ya juu unaiacha tu boksini, isichomoze juu ya miti, na ya chini unaitumia kupimia waya wako. Hiki ndicho kilichonifanya nipige kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Meli hii ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Tarehe 20 Septemba, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, iliivizia manowari ya Kiingereza HMS Pegasus ikiwa matengenezoni Zanzibar na kuizamisha. Kisha mitambo yake yenyewe ikagoma, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na vipande vya boila vikasafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikivutwa na Waafrika. Waingereza waliitafuta kila mahali, na siri ikafichukia wapi? Lindi! Tarehe 19 Oktoba HMS Chatham iliikuta meli ya Präsident imejibanza mtoni Lindi na alama za hospitali, na ndani yake zikapatikana hati zilizoonyesha kuwa makaa ya mawe yalipelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba Königsberg ikaonekana katikati ya mikoko. Ilikaa humo hadi Julai 1915, ikijifunika kwa matawi, mabaharia wakiugua na chakula kikipungua.

Sasa niambie, meli iliyokaa miezi yote hiyo kwenye maji ya chumvi na matope utaipakaje rangi mpya inayong'aa? Piga praima, kisha kijivu kilichofifia. Kutu ichuruzike kutoka matundu ya nanga. Mstari wa matope uizunguke bodi pale maji yanapojaa na kupwa. Rangi ya maji yenyewe hakuna anayehitaji kutufundisha: Rufiji ni kahawia ya chai ya maziwa, na bluu ya katalogi irudi dukani.

Mikoko ndiyo raha yenyewe. Kwa kipimo hiki mkoko wa mita 15 ni sentimita 4 na ushee. Mizizi yake iliyojitandaza tengeneza kwa nyuzi za kumbi la nazi, zichovye kwenye gundi, zifunge kitita, uzipanue chini. Nimejaribu kitita kimoja na nikacheka peke yangu. Mtu wa ughaibuni hununua pakiti ya miti ya plastiki. Sisi malighafi iko nyuma ya jikoni.

Ukitaka kuhakiki mizinga, picha za vitabuni si lazima. Baada ya Looff kuilipua meli tarehe 11 Julai 1915, ikiwa imeshapondwa na manowari za Kiingereza HMS Severn na HMS Mersey, yote kumi iliopolewa na kuvutwa hadi Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kupelekwa vitani nchi kavu. Mmoja ulipanda hata Goetzen, meli ya Ziwa Tanganyika tunayoijua leo kama MV Liemba. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa. Nenda na simu yako, piga picha kila bolti. Bodi yenyewe huwezi kuiona tena, ilikatwa vyuma chakavu miaka ya 1960 na mabaki yakamezwa na matope, jambo linaloipa modeli hii uzito zaidi.

Hukumu ya mtazamo wa kwanza: bodi nyota tano, mizinga nyota tano na dua juu, milingoti nyota mbili, karatasi ya maelekezo haipati kitu. Anayeanza kabisa asianzie hapa, bati la shaba litamkatisha tamaa. Aliyekwisha kujenga modeli mbili tatu aagize leo. Na mtengenezaji akisikia kilio cha pwani, atuletee Severn na Mersey kwa kipimo hikihiki: zilikuwa na urefu wa mita 81, yaani sentimita 23 tu kila moja. Rafu ninayo, na kumbi la nazi haliishi.