Pumzi kwa Dakika Nzima

Mgonjwa ni mama wa Miembeni, katoka chumba cha upasuaji mchana huu. Muuguzi wa wodi, hapa Bukoba, anasogeza kiti na kukaa. Faili halifungui kwanza. Anatazama midomo, kucha, kisha bandeji, aone kama imelowa damu.

Anakisugua kidole cha mama, maana kidole baridi hukidanganya kipimo cha oksijeni, ndipo anakibana kifaa. Tarakimu zinarukaruka. Anasubiri zitulie: 97.

Sasa pumzi. Anamshika kifundo cha mkono kana kwamba anapima mapigo tu, ila macho yako kifuani, kwa sababu anayejua anahesabiwa pumzi huzibadilisha. Anahesabu dakika nzima. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne ni rahisi, lakini kosa la pumzi moja hugeuka la nne, na mofini, dawa ya maumivu makali, ikizidi hupunguza kasi ya pumzi. Anaandika 16.

"Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni mangapi?"

"Mawili tu, sista."

"Haya, kohoa kidogo."

Mama anakunja uso, anashika tumbo. "Saba."

Namba zote mbili zinaandikwa. Anayeogopa kukohoa hubaki na makohozi kifuani, na homa ya mapafu huanzia hapo. Muuguzi anavuta mofini kama daktari alivyoandika, anaisukuma taratibu ndani ya mshipa, macho yamerudi kifuani. Baadaye atarudi kuuliza tena, na kumkohoza tena.

Takwimu za watafiti hutoka kwenye mikono kama hii. Utafiti wa ASOS kuhusu matokeo ya upasuaji, uliochapishwa 2018 kutoka hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulikuta vifo 239 vya waliopasuliwa, na 225 kati yake vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Utafiti uliofuata, ASOS-2, mwaka 2021, ulijaribu kuongeza uangalizi: vipimo vya mara kwa mara, kitanda mahali muuguzi anapokiona, ndugu aruhusiwe kukaa na mgonjwa. Vifo havikupungua. Kwangu mimi, jibu hilo linadai zaidi: muuguzi akiona hatari, daktari, damu na oksijeni viwepo.

Nawe ukimuuguza ndugu aliyepasuliwa, usimwambie avumilie. Mwite muuguzi.